Kitunga Kilichorudi Kitupu

Butembo, Vulamba, 14 Januari 2024

Mama mudogo Florentine,

Yafaa nianze kwa kujitambulisha, kwa sababu mara ya mwisho tulipoonana, kwenye matanga ya mjomba Josaphat, tulipeana mkono tu mlangoni na watu walikuwa wengi. Mimi ni Jokébed, kifungua mimba wa dada yako Maliro. Nyumbani wote ni wazima. Mvua ilikatika mapema, maharagwe ya kilimani yamevunwa yakiwa makavu kabisa, na mdogo wangu Kasonia ameingia sekondari akiwa bado anavaa viatu vyangu vya zamani.

Jambo lililonifanya nishike kalamu ni kazi yangu ya mwisho wa masomo. Niko mwaka wa mwisho wa fasihi na ninatakiwa kulinganisha mashairi mawili ya mshairi mmoja wa kisasa. Msimamizi wangu, Bwana Malachie, amekwisha kuyakataa mapendekezo yangu matatu. La mwisho alilirudisha akicheka: "Mademoiselle, hawa tumeshawachosha. Leta mutu ambaye mimi pia sijasoma."

Nimeambiwa kwamba wakati ulipokuwa mtawa uliishi miaka mingi kwenye milima ya Andes, na kwamba ulirudi na kitabu cha mshairi mmoja wa huko anayeandika kwa Kihispania. Mimi Kihispania sikijui. Naomba unichagulie mashairi mawili na kunitafsiria kwa Kiswahili. Uchambuzi nitauandika kwa Kifaransa mwenyewe. Bwana Malachie ameweka sharti moja: mazungumzo yote kati yangu na mtafsiri yawe kwa maandishi, kwa kuwa yatawekwa kama kiambatisho mwishoni mwa kazi. Ndiyo maana sikupigi simu.

Djuma, yule dereva anayepeleka bidhaa Beni kila juma, amekubali kuzibeba barua zetu. Alisema karatasi haimlemei, kinachomlemea ni maneno ya wanawake wasomi. Tafadhali majibu yapitie kwake pale parking. Yasiletwe nyumbani.

Mtoto wako,
Jokébed Kahongya


Beni, Beu, 2 Februari 2024

Kwako Jokébed,

Barua yako niliipokea nikiwa na chaki mkononi, nikaisoma mbele ya wanafunzi arobaini na wanane waliofurahi sana kuniona nimenyamaza. Mimi ni mzima. Hapa Beni tunaishi kama unavyosikia: siku nzuri tunasema ni nzuri, siku nyingine hatusemi. Paa la chumba changu limeacha kuvuja baada ya fundi wa nne.

Umenihesabia mvua, maharagwe na viatu vya Kasonia. Mama yako umemtaja jina tu. Nimelipokea jina hilo na ninakushukuru.

Mshairi wako anaitwa Edelmira Tasiguano. Bonde alikozaliwa ni bonde nililokaa mimi, mahali pa baridi na viazi. Ungeamka huko asubuhi ungedhani umelala Lubero, kwenye milima yetu ya baridi. Nimekuchagulia mashairi mawili yanayozungumza juu ya kitu kimoja. La kwanza, "Kitunga Kilichojaa", aliliandika akiwa na miaka ishirini, siku alipoondoka kwao. Linaisha hivi:

    Mama, umenitwisha kilima kizima
    ndani ya vijiti vilivyofumwa,
    na njia yote inanuka mikono yako.
    Nitarudi. Kitunga kinaijua njia.

La pili, "Kitunga Kilichorudi", aliliandika akiwa amepita hamsini. Hili ndilo lenye kunitoa jasho. Mwisho wake:

    Nimekituma kwa mkono wa mpita njia.
    Hakina kiazi, hakina jani, hakina salamu.
    Sikuweka kitu ndani yake.
    Hata pumzi yangu niliitoa.

Tafsiri kamili ziko katika daftari nililoliambatanisha. Zisome kwa sauti kabla ya kuzichambua. Watu wa chuo kikuu husahau kwamba shairi lina mdomo.

Florentine


Butembo, 25 Februari 2024

Mama mudogo,

Nimeshukuru mno. Kasonia alikuwa na homa, sasa amepona na amerudi kwenye ubishi wake. Mama yuko dukani tangu asubuhi hadi jioni. Mguu unamsumbua kwenye ngazi, lakini ukimwambia akae anakuuliza kama wewe ndiwe utakayesimama badala yake.

Nimeyasoma mashairi kwa sauti, kama ulivyoagiza, huku nimefunga mlango. Naona nimeupata mhimili wa kazi yangu. Shairi la kwanza ni ahadi. La pili ni ahadi iliyofutwa. Kijana anaondoka na kitunga kilichojaa na kuapa kurudi. Mtu mzima anakirudisha chombo peke yake, kitupu, tena kwa mkono wa mgeni. Anamkata mama yake. Nadhani ni mojawapo ya matendo ya ukatili uliotulia kabisa niliyowahi kuyasoma, na ubora wa shairi uko hapo hapo: halilii, haliombi radhi.

Ili kuitetea hoja hiyo nimetumia ushahidi wa kwetu. Wewe unajua kuliko mimi kwamba chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Jirani akikuletea ugali wa muhogo kwenye sahani, sahani yake itarudi na japo yai moja. Nyumbani kwetu kuna kitunga kidogo cha mianzi kimetundikwa juu ya mlango wa jiko, na hakuna anayeruhusiwa kukitumia. Nilipokuwa mtoto nilikishusha nichezee, mama alininyang'anya na kusema, "Hiki kilirudi bule, kitupu. Kikae pale, kituonye." Sikuambiwa zaidi. Nimekiweka kwenye ukurasa wa kumi na tisa kama mfano.

Je, unakubaliana na usomaji wangu? Nina hakika nao, na hakika hiyo yenyewe inanitia shaka kidogo.

Jokébed


Beni, 19 Machi 2024

Jokébed,

Unisamehe kukaa kimya. Kulikuwa na mitihani, kisha malaria, kisha kusahihisha mitihani nikiwa na malaria.

Mpe mama yako majani ya kukanda mguu. Usimwambie ni nani aliyekuelekeza.

Kuhusu kazi yako: imejengwa vizuri. Nina ushauri mmoja. Desturi ya jiko letu si ushahidi juu ya mwanamke aliyezaliwa upande mwingine wa dunia. Kitoe kile kitunga cha mlangoni kwenye ukurasa wa kumi na tisa.

Florentine


Butembo, 7 Aprili 2024

Mama mudogo,

Pasaka imepita salama. Mguu wa mama umepungua uvimbe. Aliponiuliza nimetoa wapi habari ya majani yale nilisema ni kitabu, naye akasema hicho ndicho kitabu cha kwanza chenye faida kuingia nyumba hii.

Kitunga sikukitoa. Usinione mkaidi, nimelitafakari shauri lako majuma mawili. Kila msomaji huanzia mahali aliposimama, na mimi nimesimama jikoni kwa mama yangu. Kama kuna sababu nyingine ya kukitoa, niambie sababu hiyo, nami nitaipima.

Kuna jambo la pili, na hili si la hiari. Bwana Malachie amesoma sura mbili za kwanza. Alivua miwani, akaniuliza:

"Mais, texte yenyewe ya Kihispania iko wapi?"

"Iko kwa mtafsiri, Bwana, Beni."

"Donc unachambua mtafsiri, hauchambue mshairi."

"Mtafsiri ninamwamini."

"Hata mimi ninamwamini bibi yangu. Lakini nikimutuma soko, ninaangalia kitunga akirudi. Leta photocopie."

Bila nakala hiyo hatapanga tarehe ya utetezi wa kazi yangu mbele ya jopo. Utetezi ukipita Julai nitarudia mwaka mzima, na mama amekwisha kusema kwamba mwaka mwingine hapana; nitaingia dukani. Naomba unitumie kitabu. Djuma atakifunga ndani ya nailoni.

Jokébed


Butembo, 12 Mei 2024

Mama mudogo,

Sote tunapumua. Sijapata jibu tangu Pasaka. Kwanza nilidhani ni barabara, kwa kuwa Djuma alizuiliwa siku tisa. Lakini juma lililopita alinieleza yafuatayo, na ninayaandika kama alivyoyasema (bado anakuita Ma Sœur, kama ulipokuwa mtawa):

"Nilimukuta Ma Sœur mulangoni. Akasema, mwambie barua ilifika. Nikamwambia, Ma Sœur, barua haina miguu ya kurudi yenyewe. Akaniangalia vile walimu banaangaliaka mutu. Mimi nikapanda gari yangu."

Naona kuna kitu hutaki kukiandika kwenye karatasi itakayosomwa na jopo. Naiheshimu hali hiyo. Lakini sitaiacha kazi hii, wala sitaitetea nusu nusu. Kama kitabu hakijafika mwisho wa mwezi, nitapanda gari la Djuma na kuja kubisha hodi Beu, hata kama barabara ni ile ile yenye hatari na mama ataniuliza ninakwenda wapi. Na akiniuliza nitamwambia.

Jokébed


Beni, 30 Mei 2024

Jokébed,

Usipande gari. Kitabu ni hiki. Ukurasa wa 12 na ukurasa wa 88. Nirudishie kikiwa na jalada lake.

Florentine


Butembo, 9 Juni 2024

Mama mudogo,

Kitabu kimefika kikavu. Nyumbani hakuna mgonjwa. Nakuandikia bila kuzunguka.

Sijui Kihispania, lakini kuhesabu najua. Shairi la ukurasa wa 12 lina beti tano, na tafsiri yako ina beti tano. Shairi la ukurasa wa 88 lina beti saba. Tafsiri yako ina sita. Ule wa saba, wa mistari minne, umekaa peke yake juu ya ukurasa unaofuata, na kwenye ukingo kuna alama ya kalamu yako, ndogo, kama mtu aliyeanza kuandika akaacha.

Sitaki kudhani vibaya. Huenda karatasi mbili zilishikana, nawe ukafungua vibaya. Lakini umekaa na kitabu hiki zaidi ya miaka ishirini.

Hitimisho langu lote linasimama juu ya mstari ambao kumbe si wa mwisho. Utetezi umepangwa tarehe 11 Julai. Naomba ubeti wa saba, mama mudogo. Kama unataka, uuandike peke yake, bila maelezo. Lakini uuandike.

Jokébed


Beni, 20 Juni 2024

Jokébed, mtoto wa dada yangu,

Barua hii usiiweke kwenye kiambatisho. Ubeti wenyewe uweke. Ni haki ya mshairi, na nimemnyima bila kosa lake.

    Kwetu aliyeshiba harudishi chombo.
    Ni mwenye njaa anayekituma kitupu:
    nijazie, mama,
    bado ninakula kwako.

Katika bonde lile ndivyo walivyofanya. Mtoto aliyeolewa mbali alikirudisha kitunga kwa mama yake kikiwa kitupu na kuoshwa, na maana yake ilikuwa, nakuja, niwekee. Kukirudisha kikiwa kimejaa kulikuwa ndiko kuaga: tumelipana, hatudaiani kitu tena. Kwa hiyo, mwanangu, kazi yako umeijenga vizuri juu ya kiwanja cha jirani.

Sasa kitunga cha mlangoni. Ni changu. Mama yetu Kanyere, nyanya yako, alinipa mwaka 1998 kikiwa na maharagwe ya mbegu, siku niliyoondoka. Niliyapanda kule kwenye bustani ya watawa, yalistahimili baridi. Mwaka 2005 niliandikiwa kwamba mama anaumwa. Niliomba ruhusa ya kurudi, nikaambiwa ningoje mwenzangu wa kunipokea kazi. Dada mmoja wa shirika letu alikuwa anarudi Butembo juma lile. Nilikiosha kitunga, nikampa. Sikuandika barua. Nilidhani kitunga kinatosha.

Kilifika. Mama alikipokea kitandani, akatia mkono ndani, akatafuta. Nilisimuliwa baadaye kwamba alitafuta mara mbili. Alikaa siku kumi na sita, akafa. Mimi nilifika baada ya miezi minne, na dada yangu Maliro alinipokea akiwa amesimama mlangoni. Hakunitukana. Alisema, "Uliturudishia chombo," akafunga.

Utaniuliza kwa nini sikumweleza. Nilijaribu kuandika mara nyingi na kila mara ilionekana kama kisingizio kilichotafutiwa nchi ya mbali. Tena kuna hili, na hapa sina hakika na nafsi yangu. Nilizaliwa na Kanyere. Nilikulia kwenye jiko lile lile. Je, kweli nilisahau jinsi mkono wake ungekisoma kitunga kile? Nimejiuliza miaka kumi na tisa. Siku nyingine najibu, ndiyo, nilisahau, nilikuwa nimekuwa mtu wa bonde. Siku nyingine najibu kwamba nilichoka kungojwa. Shairi hili nililipenda kwa sababu linanitetea, nikaukata ubeti unaonitetea kwa sababu sikujua kama nina haki nao.

Rekebisha kazi yako. Ukurasa wa kumi na tisa ufanye unavyoona.

Mama yako mudogo


Butembo, 3 Julai 2024

Mama mudogo Florentine,

Kasonia amepita mitihani, kwa asilimia hamsini na moja ambayo anaitaja kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Maharagwe mapya yameanza kushuka kutoka kilimani.

Nimeiandika upya sura ya tatu na hitimisho, kurasa thelathini na moja. Bwana Malachie alizipima kwa mkono kabla ya kuzisoma.

"Donc unabadilisha conclusion juma moja mbele ya défense?"

"Ndiyo, Bwana."

"Juu ya nini?"

"Juu ya ubeti mmoja."

"Na sasa unasema mushairi alikata mama yake ao hakukata?"

Nikamjibu kwamba sasa ninasema hivi: mashairi haya mawili ni ahadi moja, ila mara ya kwanza ilitamkwa kwa mtu aliyeisikia, na mara ya pili ilitumwa bila kujua nani ataifungua. Kwamba sina hakika, na kwamba nitaitetea hali hiyo ya kutokuwa na hakika kwa nguvu zangu zote. Alisaini. Barua yako ya tarehe 20 Juni haimo. Mahali pake nimeacha ukurasa mweupe wenye tarehe tu.

Kitunga nimekiacha kwenye ukurasa wa kumi na tisa, lakini sasa ni mfano wa kosa langu, si wa hoja yangu.

Nina la kuungama. Ulisema barua isiende kwenye jopo. Hukusema isiende jikoni. Jumapili, baada ya misa, mama alikuwa anachambua maharagwe. Nilimwambia nina shairi la kumsomea. Akasema, soma, mikono ndiyo inafanya kazi, masikio yanakaa bure. Nikasoma yote mawili, mpaka ubeti wa saba.

Mikono ikasimama.

"Soma tena pale ya mwisho."

Nikasoma.

"Ni nani alikutafsiria hii?"

"Ni mama mudogo, wa Beni."

Alisukuma maharagwe pembeni. Kisha akauliza, "Na kule kwao njo vile banafanyaka? Ya kweli, ao ni ya vitabu?"

Nikampa barua yako. Aliisoma mwenyewe, kwa kidole, mstari kwa mstari, na pale ulipoandika kwamba huna hakika alirudi nyuma akasoma tena. Nilitegemea hapo ndipo atakaponirudishia karatasi. Akasema tu, "Angesema anajua, ningejua anabeesha, ni uongo tu." Kisha akainuka, akapanda kwenye kiti na mguu ule mbaya, akanikataza kumsaidia, akakishusha kitunga. Akakipeleka bombani. Kilikuwa na vumbi la miaka kumi na tisa na kiota kimoja cha nyigu.

Kilipokauka nikauliza, "Tukitie maharagwe, mama?"

"Hapana. Umupelekee vile iko."

"Bule?"

"Nimesema vile iko. Yeye njo alisoma kule."

Djuma anacho. Amekiweka mbele, kwenye kiti cha abiria, na amefunga mkanda.

Jokébed


Beni, 8 Julai 2024

Jokébed,

Kimefika. Nilitia mkono ndani. Nikatafuta mara mbili, kama yeye, nikakuta hakuna kitu, nikakaa chini.

Kisha nikaenda sokoni. Sikupata mbegu ya mama. Hakuna anayeijua tena hapa. Nimenunua ya kawaida, kilo mbili, na chumvi, na samaki wa Vitshumbi. Nakijaza, kwa kuwa safari hii ninayepeleka ni mimi mwenyewe, na mtu akija na miguu yake haji mikono mitupu. Hiyo ni desturi ya pande zote mbili, nimehakikisha.

Djuma anatoka Jumatano saa moja. Barabara ikiwa wazi nitakuwa Vulamba kabla ya adhuhuri, na Alhamisi nitaketi nyuma ya jopo lako, nione kama msimamizi wako anajua kuhesabu beti.

Mwambie mama yako asisimame mlangoni kwa sababu ya mguu. Aache mlango wazi tu, akae.

Florentine